Nilikula pumba ili nipate choo, kumbe nguruwe wangu walijua kuzila kunizidi

Wakuu, Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zangu Waislamu, assalaam aleikum. Vijana mlio wadogo kwangu, shikamoo zenu nazipokea humu humu.

Ninayoandika yamenipata mwenyewe. Mama Bosko, mke wangu, ameketi hapa pembeni anachambua maharage, na amesema nikiongeza chumvi atanisahihisha. Kwa hiyo mtasoma ukweli, hata ule utakaowafanya mnicheke.

Mimi ni katekista wa kigango kimoja huku Mbinga, milimani. Padre ana vigango vingi, hivyo Jumapili nyingi ibada naiongoza mimi. Ni kazi ninayomshukuru Mungu kwayo kila siku.

Sasa, mzee akinywa maji, anajua mwenyewe kinachofuata. Ibada zetu ni ndefu, na choo kiko nyuma ya kanisa, ng'ambo ya uwanja. Nikaona ni aibu katekista kuwaacha waumini na kukimbia na kanzu.

Nikaacha maji kuanzia Jumamosi jioni.

Kisha kukawa na mafundisho Jumatano, jumuiya Alhamisi, na misiba ambayo haina siku. Mwishowe sikunywa kitu zaidi ya kikombe cha chai asubuhi. Na huku kwetu ni baridi, kiu haikusumbui. Unaweza kupalilia kahawa hadi mchana usikumbuke maji.

Tumbo likaanza kugoma. Hospitali wanaita constipation, sisi tunasema choo kimefunga. Nakwenda, nachuchumaa, nasali, natoka kama nilivyoingia. Ikafika mahali kupiga magoti ni maumivu. Jumapili moja ya Kwaresima nililazimika kukatisha mahubiri, nikaenda nyuma ya kanisa, waumini wakasubiri, nikarudi bila faida yoyote.

Yaani ile aibu niliyoikimbia ndiyo niliyoipata.

Nikamwambia mke wangu nitamwomba Padre anipumzishe ukatekista. Mama Bosko hakuinua hata macho. Akasema, "Nenda choo kwanza, Baba Bosko. Kujiuzulu baadaye."

Hata hivyo nilimpigia Padre. Akanisihi nisiamue kwa haraka, tuzungumze baada ya Jumapili ya Matawi. Moyoni nikaazimia: ama mwili huu unyooke kabla ya Matawi, ama kanzu niirudishe.

Nikaenda zahanati. Muuguzi, binti mpole sana, akaniuliza kama nimeona damu au nimekonda. Nikasema hapana. Akanipima, akanipa dawa ya siku chache, akaniambia nile dona, mboga za majani, maharage na matunda, na ninywe maji ya kutosha siku nzima.

Wakuu, nilisikia yote. Nikabeba nusu. Nyumbani nilimweleza mke wangu habari za dona na mboga, maji nikayaruka.

Na kwa kuwa mimi nikiamua nimeamua, dona niliiona haitoshi. Tulikuwa na pumba kutoka mashineni, chakula cha nguruwe. Nikawa nachota na kuchanganya kwenye maharage mazito. Mama Bosko akauliza nguruwe watakula nini kama baba mwenye nyumba amehamia kwenye hori lao. Nikamjibu ni nyuzinyuzi, zinasafisha utumbo.

Dawa ilipoisha, hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Tumbo likajaa gesi, likawa gumu kama mfuko wa simenti ulionyeshewa na mvua.

Katikati ya mateso hayo tukateremka Lundo, ziwani, kwenye ubatizo wa mjukuu wetu. Binti yetu ameolewa huko. Wakuu, Lundo kuna joto. Mzazi mwenzangu, baba mkwe wa binti yangu, ameweka mtungi wa maji ya kuchemsha barazani, na kila nikikaa ananijazia kikombe. Akanitania, "Nyie Wamatengo mnaogopa maji, ndiyo maana mlikimbilia milimani." Nikacheka, nikanywa. Na kwa lile joto nikaomba tena. Chakula kilikuwa ugali wa muhogo, majani ya maboga, mapapai, na usipa, wale samaki wadogo wa Nyasa.

Kabla hatujaondoka, choo kikafunguka. Sitaeleza zaidi, ila nilitoka mle nikiimba.

Nikajua dawa ni usipa. Nikapanda nao Mbinga furushi zima.

Nikala usipa asubuhi, mchana na jioni, na pumba zangu juu yake. Choo kikafunga tena. Matawi ilikuwa imekaribia, nikakata tamaa kabisa, nikaitoa kanzu nikaikunja.

Mke wangu alikuwa anatoka kulisha nguruwe, ndoo bado mkononi. Akaiona kanzu. Akasema, "Hawa nguruwe pumba nawapa na maji. Nikiwapa kavu hawali. Wewe unakula kavu tangu utoke zahanati." Kisha akauliza taratibu, "Yule muuguzi alisema nini kuhusu maji?"

"Ninywe ya kutosha siku nzima," nikakiri. Mimi ndiye ninayewafundisha watoto wa komunyo kwamba maji hayavunji mfungo.

Siku hiyo nikaanza. Kikombe nikiamka, kingine kabla ya shamba, chupa kiunoni kwenye kahawa. Pumba nikawarudishia wenyewe, nikabaki na dona na mboga. Polepole, bila vita, mwili ukafuata.

Ikabaki ibada. Nikameza aibu, nikamwendea mwalimu wa kwaya, nikamweleza kwamba sasa maji yatanitoa katikati ya ibada. Hakucheka. Akasema wakati wa sadaka wataimba beti zote, na wakizimaliza watarudia.

Jumapili ya Matawi nikasoma Mateso ya Yesu yote nimesimama. Sadaka ilipoanza nikatoka kwa heshima, kanzu nimeishika. Nikiwa ndani nikasikia nyayo, kisha nyingine. Kumbe mwenyekiti wa kigango yuko mlangoni, na nyuma yake wazee wenzangu wamepanga foleni.

Mwenyekiti akagonga. "Katekista, fanya haraka. Na sisi tumebana miaka mingi."

Padre nilimpigia jioni, nikamwambia naendelea.

Nilichojifunza: dona na mboga ni nusu ya dawa, maji ni nusu ya pili, na nusu moja peke yake inaweza kukuumiza. Ukiona damu, unakonda au tumbo linauma sana, usisubiri, nenda hospitali. Na kama daktari amekupimia maji kwa sababu ya moyo au figo, mtii yeye, si mimi.

Wakuu, ninyi mnaokaa nchi za baridi mnakumbukaje kunywa maji? Karibuni mchangie, Mama Bosko anataka niwasomee.