Gundi ya nyuki kwenye mgongo wa mume wangu: acheni kuwalaza wagonjwa chali

Wakuu, salaam.

Shikamoo zenu nazipokea zote kwa mkupuo, maana sidhani kama humu yupo ninayepaswa kumwamkia. Nimepita miaka tisini. Mie nasema, mjukuu wangu Zuhura anachapa. Nimemwonya asitie chumvi, na akitia ubwabwa wa leo haupati.

Haya niliyaona kwa macho yangu haya.

Kilichonipandisha hasira ni hizi sauti zinazozunguka kwenye simu. Eti gundi ya nyuki inaunga uti wa mgongo uliovunjika. Mpake, mlaze chali, usimguse. Wiki hii nimetumiwa mara tatu, na waliotuma wote wamesoma!

Sasa tulieni.

Miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatawala, niliolewa Chamazi na kijana anaitwa Sefu. Chamazi ya minazi na mikorosho, siyo hii yenu ya fremu za maduka. Sefu alikuwa mkwezi, kazi yake kupanda minazi na kuangusha nazi. Nilikuwa na miezi mitano tu ya ndoa.

Asubuhi moja baada ya mvua aliteleza akaanguka kwa mgongo.

Wakambeba, mmoja kashika mikono, mwingine miguu, katikati ananing'inia. Nikikumbuka hadi leo natamani kumzaba mtu kibao.

Toka kiunoni kwenda chini akawa hasikii kitu.

Akaja dresa, yule msaidizi wa tabibu anayesafisha vidonda dispensari, na baiskeli yake. Akasema apelekwe hospitali mjini. Mama mkwe akakataa katakata, mwanawe hatafia mikononi mwa watu baki. Dresa akasema, "Basi mama, mgeuzeni. Ubavu huu, kisha ubavu huu, mchana na usiku. Asilalie sehemu moja."

Alirudia mara tatu. Nilikuwa mlangoni, nilisikia vizuri kabisa.

Alipoondoka tu, shemeji yangu Shomari, kaka mkubwa wa Sefu, akaja na akili zake.

Jirani yetu alikuwa mrina asali, Mnyamwezi aliyehamia pwani. Alikuwa na ile gundi nyeusi ambayo nyuki huzibia nyufa za mzinga. Shomari akapiga hesabu zake: kama inaziba ufa wa mzinga, itashindwaje ufa wa mgongo?

Mrina mwenyewe alikataa. "Mie hii natibia vidonda na majipu. Mgongo siujui."

Mnaona mambo hayo? Mwenye dawa anasema hajui, wasio na dawa ndio wanajua!

Wakaichukua hivyo hivyo. Wakampaka mgongo mzima, wakamfunga kaniki, wakamlaza chali. Siku saba asitikiswe ili gundi ishike.

Najua mtauliza, na wewe bibi ulikuwa wapi? Nilikuwa hapo hapo. Lakini siku zile mke mgeni hamfunui mumewe mbele ya mama mkwe, wala hainui sauti mbele ya shemeji mkubwa. Nilijaribu mara moja. "Mama, dresa alisema..."

"Dresa ndiye aliyemzaa?"

Nikaenda kukoroga uji. Hasira niliyonayo leo, nusu yake ni ya kule kunyamaza.

Ile gundi inanukia vizuri, wakuu, chumba kizima kilijaa harufu ya nta. Kila mgeni anayeingia anavuta pumzi, anasema dawa inafanya kazi. Sefu naye anacheka na wageni, maana haumwi. Ataumwaje na hasikii?

Siku ya tano ikaingia homa. Wakasema ni dawa inapambana.

Siku ya sita nikaona majimaji kwenye mkeka. Nikatia komeo mlangoni, mama mkwe anagonga huko nje na kunitukana, nikamgeuza mwenyewe.

Juu ya makalio palikuwa na shimo la kuingia ngumi. Harufu ya kuoza ikatoka yote kwa pamoja.

Sefu akaniuliza, "Mbona unalia? Mie nasikia harufu ya asali tu."

Dresa akarudi, akawa anasafisha kila siku. Mrina naye akaitwa kwa kazi anayoijua, akawa anaweka asali na gundi yake kwenye kidonda. Na kweli kingoni nyama nyekundu ilianza kuota. Nalisema hili japo linaniudhi. Lakini sumu ilikwishaingia kwenye damu.

Sefu hakufa kwa mgongo. Alikufa kwa kidonda cha kulala.

Msibani mama mkwe akawaambia watu kwamba gundi ilikuwa imeanza kushika, mie ndiye niliyeitikisa. Akaingia kaburini na imani hiyo.

Zuhura amenisomea kwamba wataalamu wanachunguza vilivyomo kwenye gundi ya nyuki, kama vinaweza kupunguza uvimbe kwenye uti wa mgongo, na bado wapo kwenye kuvijaribu kwa panya. Vizuri sana, wachunguze, wakipata Mungu awabariki. Sina ugomvi na nyuki. Ugomvi wangu ni na wewe mwenye bando, unayemtibu binadamu kwa kitu ambacho bado kipo kwa panya.

Aliyevunjika mgongo mpelekeni hospitali, mkimbeba asipinde. Akirudi nyumbani mgeuzeni. Mfunueni mumtazame ngozi kila siku, awepo mkwe asiwepo mkwe. Mtu asiyesikia maumivu hawezi kukwambia anaoza.

Nimemaliza yangu. Mnaouguza semeni mnafanyaje, na madaktari mliomo humu nikosoeni, Zuhura atanisomea komenti zote.

Ila asitokee wa kuniambia ningevumilia ile siku moja iliyobaki. Hilo ukoo wa Sefu wameniambia mpaka nimezeeka.