Baba Nekesa na kofi la kwa mashine

Wenzangu, leo mume wangu amepigwa kofi mbele ya watu, na mimi nimefurahi.

Msinitukane bado.

Tulikuwa kwa mashine ya kusaga mahindi hapa Kanduyi, mtoto mgongoni, usingizi machoni. Mlevi mmoja akaingia mbele yetu kwa laini. Baba Nekesa akamwambia arudi nyuma.

Paa! Kofi la shavu.

Mnajua Baba Nekesa hucheza raga. Mama yangu husema mtu anayeangusha watu kila Jumamosi, siku moja ataleta huo mchezo jikoni. Nami huogopa hivyo hivyo. Nikangoja damu.

"Mrudishie, bana! Ati mwili yote hiyo ni ya nini?" watu wakapiga kelele.

Yeye akapangusa shavu tu. "Kwa raga, ukirudisha kofi, refa anakutoa nje, na wenzako wanabaki pungufu." Akatugeukia mimi na mtoto. "Si timu yangu ni hii?"

Mlevi akajiondokea kwa laini mwenyewe.

Jumamosi aende acheze, sitanuna tena. Lakini jezi ya matope ataosha mwenyewe.

Na nyinyi mnaosema raga hufanya mtu mkali, niambieni: yule mlevi hucheza mchezo gani?