Mshenga wa Besiboli

Mwanangu alipokuwa akipiga simu kutoka Toronto kila Jumapili, binti yake alikuwa akimpa maneno matatu: mzima, ndiyo, kwaheri. Tena kwa Kiingereza. Kisha ananirudishia mimi simu kama anayerudisha sahani ya jirani, huyo, kapanda ngazi. Baba mtu huko anauliza, "Ameshaondoka?" Nami najibu, "Ana kazi za skuli." Uongo mtupu. Mtoto hakuwa na la kumwambia.

Baba yake alipoachana na mama yake na kwenda Kanada kutafuta maisha, mtoto alikuwa bado ana meno ya utoto. Mama mtu akaolewa tena Leicester, na mtoto akataka kubaki na mimi Walthamstow, kwa sababu ya skuli na, nasema bila haya, kwa sababu ya mkono wangu wa mapishi.

Hofu yangu ilikuwa moja. Nilikwishawaona watoto wa wenzetu hapa London ambao baba zao wako mbali. Kwanza wanajibu maneno matatu, halafu moja, halafu simu ikilia wanajifanya wako chooni. Siku baba akifa wanauliza kama ni lazima waende. Sikutaka huyu wangu afike huko, na sikuwa na dawa. Kumlazimisha mtoto azungumze ni kama kumlazimisha paka aoge.

Lakini Mungu hakosi njia, na njia aliyonipa mimi ni besiboli.

Mwanangu alikuwa akifanya kazi kwenye ghala moja huko, na wenzake walikuwa na mchezo wao wa timu za kubuni. Kila mtu anajichagulia wachezaji wa kweli, huyu kutoka timu hii, yule kutoka timu ile, anawapanga kwenye timu yake ndani ya kompyuta. Wale wachezaji wakifanya vizuri uwanjani, yeye anapata pointi kwake kakaa anakunywa chai. Mwaka ule mmoja wao alijitoa, ikabaki timu haina mwenyewe.

"Mama, muulize kama anaitaka," mwanangu akaniambia. "Si anapenda hesabu?"

"Kwanza nikuulize wewe. Hii si kamari?"

"Hatuweki pesa, Mama. Anayeshinda anawatambia wenzake mpaka mwakani."

"Kutamba ruhusa," nikasema.

Mtoto alikubali kwa kupandisha bega moja. Lakini haukupita mwezi, kompyuta ikawa haipoi. Ilikuwa juu ya meza ya jikoni, upande mmoja yeye na tarakimu zake, upande mmoja mimi na sambusa zangu. Yeye anasema Kiingereza, mimi najibu Kiswahili, ndivyo tulivyoishi. Mimi darasa la tatu sikulimaliza, na besiboli nilikuwa naona tu wanaume wanakimbilia vikalio vyeupe vilivyolazwa chini. Lakini mjukuu wangu ana kipaji cha kusomesha. Leo analipwa mshahara kwa kufanya hesabu, na hakuna muuza mboga sokoni kwetu ambaye sijamwambia.

"Bibi, watu wanatazama mrushaji, yule anayemrushia mpira mpigaji mwenye gongo, kafungwa mangapi," akaniambia. "Hiyo haitoshi. Mpira ukishapigwa ukabaki uwanjani, si wake tena. Unaweza kumwangukia mdakaji mikononi, unaweza kuangukia nyasi. Yake hasa ni haya: wapigaji wangapi kawakosesha mpira wakatoka, wangapi kawapa njia ya bure kwa kurusha ovyo, na wangapi wamempiga mpira ukaenda nje ya uzio."

"Na mengine yote?"

"Bahati, na wale wanaosimama nyuma yake."

"Hiyo sisi tunaiita riziki," nikasema.

Nilimwelewa mara moja, maana ndivyo tulivyokuwa tukipokea posa kwetu Pemba. Mwanamume akija kuposa, siku hiyo kanzu yake imepigwa pasi, kofia imekaa sawa, hana kosa. Humtazami siku hiyo. Unamuuliza jirani yake, unamuuliza mwenye duka anakokopa, unamuuliza anayeswali kando yake alfajiri. Mwingine unamkuta shamba lake limekauka, lakini ukiuliza unaambiwa haachi kulima. Huyo unampa mtoto. Mvua si yake, jembe ndilo lake. Basi tarakimu za mjukuu wangu zilikuwa ndio majirani.

Baba yake alikuwa na mrushaji wa namna hiyo, shamba limekauka. Kila akicheza anapigwa. Mtoto akachungulia tarakimu zake akaona jembe zima: anawakosesha wengi, njia za bure hatoi, ila mipira inaangukia nyasi tu, na nyuma yake kuna wadakaji wazembe. Akamtaka kabla baba mtu hajashtuka. Na yeye alikuwa na mpigaji mmoja anayeng'ara, kila mtu anamsifu, lakini kwa hesabu zake huyo ndiye wa kanzu ya posa tu, karibu atafifia. Alitaka wabadilishane.

Angeweza kumwandikia kwenye kompyuta, lakini baba mtu ya kwake alikuwa akiifungua akikumbuka. Na simu hakuitaka. "Mwambie wewe, Bibi."

Basi nikawa mshenga. Jumapili nikasimama chini ya ngazi na simu sikioni, nikakohoa kidogo kama inavyotakiwa.

"Nimetumwa. Huku wanamtaka yule mrushaji wako."

"Yule anayepigwa kama ngoma?" Mwanangu akacheka. "Namtoa, lakini anipe yule mpigaji wake."

Nikaweka kiganja kwenye simu, nikamwambia mtoto. Aliruka. "Ndiyo! Bibi, mwambie ndiyo!" Akakimbilia jikoni kwenye kompyuta, mlango ukajifunga nyuma yake.

Nami nikamwambia mwanangu, "Tumesikia. Tutashauriana na wakubwa, majibu mtayapata."

Ningesemaje jingine? Posa haikubaliwi siku ya kwanza. Ukisema ndiyo papo hapo, umemwambia mtu kuwa mali yako ilikuwa inaoza. Mwanangu mwenyewe alisema, "Haya, Mama," maana kalelewa na mimi.

Siku zilizofuata mtoto alikuwa akifungua kompyuta kila akirudi skuli, anatazama kama baba yake kathibitisha. Hakuna kitu. "Baba kalala," akawa anasema. Mimi nakunja sambusa. Mshenga mzuri ana masikio mengi na mdomo mmoja.

Katikati ya wiki yule mrushaji akaingia uwanjani akawamaliza. Kila aliyekuja na gongo alirudi nalo kichwa chini. Mtoto alipoona, hakula.

Jumapili simu ikalia. "Mama," mwanangu akasema, na nilisikia raha kwenye sauti yake, "yule simtoi tena. Majibu hamkuleta."

Mtoto alikuwa kasimama ubavuni kwangu. "Anasemaje?"

"Anasema tumechelewesha majibu."

"Majibu gani? Nilisema ndiyo!"

"Wewe ulisema. Mimi sikumwambia. Hakuna watu wenye heshima yao wanaoitikia siku ya kwanza."

Alinitazama kama nimevaa kiatu kichwani. "Bibi! Huyu si mchumba! Ni mrushaji!"

Akaninyang'anya simu, akapiga kelele, na kelele ile ilitoka kwa Kiswahili: "Baba, Bibi kaharibu kila kitu!"

Wallahi nilikaa kwenye ngazi. Sentensi nzima, haikupungua neno, na ya kwanza ilikuwa ya kunisema mimi. Sijawahi kutukanwa vizuri namna ile.

Baba mtu akamuuliza, "Kwani ulimtakia nini?" Naye akaanza kumweleza. Alikwama, akarudi kwenye Kiingereza, akatoka tena. Nikamsikia akisema, "Hapana, Baba, sikiliza. Mpira ukianguka kwenye nyasi, hiyo ni riziki. Siyo yeye." Neno langu hilo, nililompa juu ya sambusa. Kule Toronto mwanangu alicheka mpaka nikamsikia mimi niliyekuwa nimekaa. Wakabishana. Kadi ya simu ikaisha, akanunua nyingine akapiga tena, wakaendelea pale pale walipoachia. Chai yangu niliinywa peke yangu, na sikumbuki chai tamu kama ile.

Mrushaji hakumpa. Hata hivyo msimu ulipomalizika mtoto alikuwa amempita baba yake kwa pointi, na alimtambia mpaka mwakani.

Mimi kazi ya ushenga iliishia siku ile. Wenyewe wakishaanza kusemezana, mshenga anaambiwa ahsante na anatafuta viatu vyake. Toka hapo, Jumapili simu ikilia mtoto ananitangulia. Wanazungumza wapigaji, wanazungumza skuli, siku moja nikamsikia anamwambia kuhusu rafiki aliyemliza, jambo ambalo mimi sikuambiwa. Halafu mwisho kabisa ananiita, "Bibi, njoo, sema haraka, kadi inakwisha."

Nachukua simu. "Mwanangu, hujambo?"

"Sijambo, Ma..." na inakatika.

Nairudisha mahali pake, nasema alhamdulillahi, narudi jikoni.