Blanketi la Mama Mkwe

Iko siku moja ya mwezi wa saba ambayo bado naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau hata nilikoweka miwani. Nilikuwa na miaka miwili tu tangu niolewe hapa juu mlimani, Nkoaranga, mimba yangu ya kwanza imekaribia kufika. Ukungu ulikuwa umeshuka tangu alfajiri, hata migomba ya jirani hatuioni. Shemeji yangu Eliakimu, mdogo wa mume wangu, akaingia uani na kamba begani. Alikuwa amekuja kuchukua kondoo wangu.

Nikueleze kwanza habari ya kondoo wenyewe. Kikundi cha akina mama wa usharika kilikuwa kimenipa majike wawili wa sufu, kwa sharti kwamba mtoto jike wa kwanza nimpe jirani yangu Mama Nderingo, aliyekuwa mjane. Naye wake akizaa, angempa mwingine. Mradi ulitembea hivyo, nyumba kwa nyumba. Tulifundishwa kunyoa, kuosha manyoya, kuyachambua na kusokota uzi. Watoto wa shule hapa walivaa masweta tuliyofuma wenyewe, na sufu iliyobaki aliinunua mfanyabiashara mmoja aliyepanda na gari kutoka mjini.

Kisha ikaja enzi ya ruksa. Biashara ikafunguliwa, na sitakudanganya, tulishangilia, maana kutafuta sabuni na sukari kulikuwa kumetutoa jasho. Lakini mitumba nayo ikaingia. Sokoni Tengeru masweta yakamwagwa chini kwa marobota, ya kila rangi. Yule mfanyabiashara wa sufu akaacha kuja, hata kutuaga hakutuaga. Watu wakaanza kutucheka kwamba tunafuga nywele.

Halafu kulikuwa na suala la mkia. Ninyi wa siku hizi huenda hamlijui. Kwetu, mama akijifungua alichinjiwa kondoo wa kienyeji mwenye mkia mnene, mafuta ya mkia yakayeyushwa na kutiwa kwenye mtori wake, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, ili apate nguvu na maziwa ya mtoto. Nyumba iliyokosa mafuta hayo ilisemwa mpaka kisimani. Sasa kondoo wa sufu ana mkia gani? Mwembamba tu, mifupa mitupu.

"Shemeji," Eliakimu akaniambia, "nawapeleka hawa Tengeru nikabadilishe na wa mkia. Ukijifungua tutakupa nini? Tukuchemshie nywele?"

Mume wangu alikuwa kazini, na mimi machozi yalinitoka hapo hapo. Jike mmoja alikuwa na mimba kama mimi, na aliyekuwa tumboni mwake huenda ndiye wa Mama Nderingo. Nilijua wakishuka hao, kazi yangu imekwisha. Lakini niliona aibu kumbishia shemeji kwa jambo linalohusu chakula changu mwenyewe.

Mama mkwe akatoka jikoni, mikono imejaa maganda ya ndizi.

"Eliakimu, sijasikia shikamoo yako."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Weka kamba chini. Huyo jike amebeba mali ya Mama Nderingo. Umemwomba ruhusa?"

"Lakini mama, watu watasema hatukumtunza mzazi."

"Mzazi nitamtunza mimi. Mkia utaliwa uishe, kisha tutabaki na nini? Huyu akinyolewa anabaki hai, na mwakani ananyolewa tena. Shemeji yako amejifunza kazi, wewe unataka arudi kukuomba hela ya chumvi?"

Eliakimu akaweka kamba chini. Mimi nikadhani yamekwisha, kumbe zamu yangu ilikuwa inakuja.

"Na wewe, Anaeli," mama mkwe akanigeukia, "kondoo ni wako. Mbona unalia tu, unaniachia mimi niwasemee?"

Yale maneno yalinichoma, mwanangu, na mpaka leo nashukuru kwamba yalinichoma.

Akaingia chumbani, akatoka na blanketi lake. Alikuwa amelifuma kwa sufu tuliyonyoa mara ya kwanza, zito, la kahawia na jeupe, na hakuwa na jingine. Akamkabidhi Eliakimu akalibadilishe Olmotonyi, upande wa pili wa mlima, kwa mzee aliyefahamiana naye aliyefuga kondoo wa mkia. Baridi ya kule ni kama ya kwetu. Eliakimu alirudi na kondoo mnene, mkia unatikisika. Alisema yule mzee alilishika blanketi, akaliweka shavuni, wala hakujadili bei.

Nilijifungua salama nikanywa mtori wangu wenye mafuta, na kijiji kikanyamaza. Ila mama mkwe baridi ile yote alilalia magunia na kujifunika koti kuukuu la marehemu mumewe. Kila asubuhi nilimsikia akikohoa, na moyo uliniuma. Ningetamani ninyoe siku ile ile, lakini kondoo akinyolewa kwenye baridi anakufa. Ilibidi ningoje jua lirudi. Liliporudi nilinyoa, nikaosha, nikasokota mtoto akiwa mgongoni, na blanketi la kwanza nikalitandika kitandani kwake. Alilinusa.

"Bado linanuka kondoo," akasema. "Zuri."

Usiku ule sikusikia kikohozi.

Jike wetu alizaa jike, na Mama Nderingo alikuja kumchukua akiimba. Yule mzee wa Olmotonyi naye majirani zake wakaulizia mablanketi. Mitumba ilikuwa na masweta, lakini kitu cha kumfunika mtu juu ya mlima huu haikuwa nacho. Baadaye hoteli za mjini nazo zikataka mazulia. Kwa kazi hiyo tumevuta maji ya bomba na kusomesha watoto, na wapo mabinti waliobaki hapa kwa kupenda, si kwa kukosa pa kwenda.

Sasa nasikia ninyi vijana wa kikundi mnataka kuuza kondoo dume wetu wa mbegu, kwa sababu mazulia ya mwaka huu hayajapata mnunuzi. Mwanangu, mnunuzi mmoja akiacha kuja, usichinje kilicho chako. Zunguka mlima uulize nani anasikia baridi. Mnyama uliyepewa ili umpe mwenzako, usimpeleke sokoni. Na kazi yako uisemee wewe mwenyewe, hata mbele ya shemeji, hata mbele yangu.

Mungu akupe majike wenye afya na mikono isiyochoka. Na baridi ya mwezi wa saba ikukute umefunikwa, na aliyekufunika akukute hujamsahau.