Mtoto Hajaonekana, Mama Anapiga Pasi

Mama Nukta hakuweza kukaa. Alikaa kitandani, akainuka. Akaenda mlangoni, akarudi. Akachungulia dirishani, hakuona kitu, akachungulia tena. Afande aliyechukua maelezo yake alikuwa amemwambia, "Wewe tulia nyumbani, mama. Mtoto akipatikana ataletwa hapa hapa." Tulia! Kusema ni kwepesi, jamani. Atulie vipi mtu ambaye binti yake wa miaka minne hajulikani kalala wapi, kala nini, yuko na nani?

Basi mikono ikafanya kazi inayoijua. Mama Nukta alikuwa dobi, dobi wa beseni na kamba na pasi, anayefua mashuka ya nyumba ya wageni iliyo ng'ambo ya kituo cha mabasi. Mashuka yalikuwa yamekauka uani tangu jana yake, hakuna aliyeyakumbuka. Akayaanua. Akatandika blanketi juu ya meza, akachomeka pasi, akaanza. Shuka la kwanza, la pili, halafu akalirudia lile la kwanza, wala hakujua kwamba analirudia. "Nikisimamisha huu mkono nitapiga ukelele," alimwambia mumewe, "na nikianza sitanyamaza." Mumewe, fundi wa matairi, mtu wa maneno machache, akamwacha na pasi yake.

Ndipo jirani akapita dirishani. Jirani huyo walimwita Redio, na hakuhitaji betri. Akasimama, akanyoosha simu, akarekodi, akaondoka kwa kunyata. Kabla shuka la tatu halijakunjwa mtaa mzima ulikuwa umeshaona: mwanamke ameinamia meza, pasi inakwenda na kurudi, uso mkavu. Na chini yake maneno: Mtoto hajaonekana, mama anapiga pasi.

Loo! Watu wakapata kazi. Walioanza jana kumtafuta mtoto vichochoroni na mitaroni waliacha kutafuta, wakakaa chini wasome. "Wangu akichelewa tu kutoka shule tumbo linaniuma, huyu ananyoosha foronya!" aliandika mmoja. "Huo si uso wa mzazi," aliandika mwingine, kana kwamba nyuso za wazazi huwa zinauzwa dukani na yeye anazijua saizi zote. Mtu asiyemfahamu Mama Nukta hata kwa kivuli akasema mtoto alikuwa akipigwa kila siku. Wa pili akatia chumvi: alikuwa akichomwa kwa pasi hiyo hiyo. Wa tatu akamaliza kwamba ameuzwa, akalitaja na gari, jeupe, la vioo vyeusi. Gari hilo halikuwahi kuwepo, lakini kufikia jioni walikuwepo watu walioliona kwa macho yao.

Na kilichowanogesha kuliko vyote ni maelezo ya Mama Nukta mwenyewe, ambayo sijui nani kituoni kwa polisi aliyavujisha.

Ilikuwa hivi. Siku za kupeleka nguo, Mama Nukta hubeba furushi moja kichwani na jingine kifuani, mkono mmoja juu, mmoja chini, hana wa tatu wa kumshika mtoto. Kwa hiyo alimfundisha Nukta kushika pindo la gauni. "Shika gauni, twende," na Nukta anashika, wanakwenda, mama anausikia ule mkono mdogo ukivuta ubavuni, moyo unatulia. Wameshapita hivyo katikati ya kituo cha mabasi mara nyingi tu. Siku hiyo, ncha ya shuka lililofungia furushi la kifuani ilichomoka ikaning'inia, fundo la nchani likanasa kwenye kifungo cha gauni, ubavuni kule kule. Kila hatua likamvuta. Mama Nukta akavuka kituo chote, honi na makelele na watu wa mizigo, akivutwa na fundo la shuka, akidhani anavutwa na mwanawe. Hata alilisemesha. "Usichoke, tumefika," aliliambia. Alipotua furushi kwenye baraza ya nyumba ya wageni, akageuka, palikuwa na ncha ya shuka tu.

Huo ndio ukweli wote, haukuwa na kiraka. Lakini kuna ukweli mwingine ukiusema unasikika kama uongo wa mlevi. "Eti kavutwa na shuka!" watu walicheka hadi wakafuta machozi. Mchekeshaji mmoja akajifunga shuka kiunoni, akazunguka nalo akiliita "mwanangu, mwanangu", na kila aliyeona akamtumia mwenzake. Mtoto wa watu hajapatikana, nao wanacheka.

Siku ya pili yake wifi yake Mama Nukta alikuja kukaa naye. Alikaa kweli, ila macho yote yalikuwa kwenye simu.

"Wifi, mimi sisemi kitu," akasema hatimaye. Na mtu akianza hivyo ujue anacho. "Ila hilo fundo, hata mimi linanipa taabu. Mkono wa mtoto na fundo la shuka kweli? Mimi mwenyewe nimezaa."

"Unataka niseme nini, wifi?"

"Sisemi useme kitu. Nasema tu, watu wanaongea."

"Watu wamekwenda kutafuta?"

Wifi akarudi kwenye simu yake. Mama Nukta akachukua shuka jingine. Kila sauti ya mtoto huko nje ilimkata maini. Mara mbili alitupa pasi akakimbilia mlangoni, mara zote mbili alikuwa mtoto wa mtu. Chumba kilikuwa na harufu ya kitambaa cha moto. Kitandani kulikuwa na kiatu kimoja cha Nukta, cha plastiki, na mwenzake hakuonekana, maana Nukta alikuwa mtu wa kupoteza viatu. Hakuthubutu kukigusa.

Mumewe alirudi kutoka kuzunguka mahospitali, suruali vumbi hadi magotini. Hakupata kitu. Akakaa kwenye kigoda mlangoni, akainamisha kichwa, na Mama Nukta akajua, kabla hajafungua mdomo, kwamba huko njiani kuna mtu amempa neno.

"Mke wangu," akasema, "mimi nakuamini."

Mama Nukta akangoja.

"Lakini."

Hilo "lakini" lilimwingia kama sindano ya baridi. Watu wa nje walikuwa wamemsema siku mbili nzima na alikuwa amesimama. Neno hili moja la mumewe likamfanya ashike ukingo wa meza.

"Lakini kama kuna mtu ulimwachia," mumewe aliendelea, haangalii juu, "labda ulichoka, labda ulikasirika, hata mimi huchoka, niambie mimi tu. Tutayamaliza ndani kwa ndani. Sitakufanya kitu."

Mama Nukta alichomoa pasi, akaisimamisha ipoe. Aliwaza kumtukana, na matusi alikuwa nayo ya kutosha. Aliwaza kumlilia. Akaona yote mawili yatachukua muda, na muda ni wa mwanawe.

"Nipishe mlangoni," akasema.

"Afande alisema usitoke."

"Afande hajazaa na mimi. Nipishe."

Akafunga mafurushi mawili, vile vile, moja la kichwani na moja la kifuani. Wifi akauliza, "Jamani, mashuka tena? Sasa hivi?" Hakujibiwa. Mama Nukta akavaa gauni lile lile la siku ile, bluu iliyopauka, lenye vifungo ubavuni, akaichomoa ncha ya shuka kwa mkono wake mwenyewe, akanasisha fundo kwenye kifungo, akatoka. Redio alikuwa uani, simu tayari. "Piga vizuri," Mama Nukta akamwambia, "na uso uonekane."

Kituo cha mabasi kilimtambua kabla hajafika katikati. Wenye mizigo wakasimama, wauza maji wakasogea, simu zikanyanyuliwa. "Dobi huyo! Dobi wa fundo!" Mtu akapiga mluzi. Aibu ilimpanda usoni ikawaka, lakini alikwenda, hatua kwa hatua, na kila penye kibanda cha tiketi alisimama akasema kwa sauti: "Mwanangu alikuwa ameshika hapa. Hapa ubavuni. Tazameni linavyovuta. Aliachia mahali fulani katika njia hii, na mmoja wenu alimwona. Mnicheke, mnitukane, ila aniambie alipoachia."

Wakacheka, kweli. Kibanda cha kwanza wakacheka, cha pili wakacheka kidogo. Kwenye kibanda cha mabasi ya mbali palikuwa na mkata tiketi, jibaba la sauti nzito linaloita abiria bila kipaza sauti. Huyo hakucheka. Alikuwa akilitazama gauni, namna linavyovutwa na kurudi, linavutwa na kurudi.

"Mama," akasema, "siku ile palipanda abiria mmoja amevaa bluu kama hiyo. Muuza vitambaa, ana furushi kichwani. Nyuma yake kuna katoto kameshika gauni lake. Nikadhani wake. Nikakapandisha mimi mwenyewe, nikakabeba kwapani, ngazi ni ndefu."

Mama Nukta akaachia furushi likaanguka. "Kalikuwa na viatu?"

"Kimoja."

Hapo ndipo alipopiga ule ukelele aliokuwa akiuzuia. Walioshika simu wakarudi nyuma. Akamshika mkata tiketi shati, akamtikisa, na jibaba zima likatikisika. "Kwa nini hukusema? Siku zote hizi, kwa nini hukusema?"

"Mama, nisamehe," akasema yule mtu, na sauti yake kubwa ilikuwa imekwisha. "Nilikuwa niende polisi. Halafu nikaona kwenye simu kwamba ni wewe mwenyewe uliyemuuza, kwamba mambo yote yamejulikana. Nikasema, basi, katoto nilikokaona si hako."

Polisi walipiga simu mji wa mwisho wa njia ya basi lile, wenzao wa huko wakamtafuta muuza vitambaa, na kabla ya saa sita ya siku iliyofuata Mama Nukta na mumewe walikuwa wameketi nyuma ya gari la polisi, kila mmoja dirishani kwake, nafasi ya mtu wa tatu katikati yao. Mumewe alinyoosha mkono kwenye kiti. Mama Nukta aliuona mkono ule, akaendelea kuhesabu nguzo za umeme.

Muuza vitambaa aliletwa kituo cha polisi cha mji ule akiwa na Nukta mgongoni, mtoto amelishwa, ameogeshwa, ana viatu vipya. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sura, na alikuwa analia kabla hajaulizwa kitu.

"Sikumwiba, afande, wallahi sikumwiba. Nilikaa kwenye kiti nikasikia mtu ananivuta gauni, natazama, mtoto! Nikauliza basi zima, hakuna mwenyewe, na gari limeshashika njia. Nikasema nikifika nampeleka polisi asubuhi. Asubuhi nafungua simu, nini naona? Mama yake kamchoma pasi. Mama yake kamuuza. Mama yake anapiga pasi wala hajali. Sasa mimi nimrudishe huko? Nikasema, heri nikae naye, nimwokoe. Nilikuwa namwokoa, afande."

Afande wa pale alikuna kidevu. Fundi wa matairi alikuwa ameegemea ukuta, machozi yanamshuka, hayafuti. Mama Nukta alimsikiliza yule mwanamke mpaka mwisho, na hasira ikakosa pa kutua, kwa sababu angekuwa yeye, na angeyasoma yale, pengine naye angemficha mtoto.

"Mshushe," akasema taratibu.

Muuza vitambaa akainama, akamshusha. Nukta akasimama kwenye sakafu ya saruji na viatu vyake vipya. Mama yake akafungua mikono, mikono yote miwili, haina kitu. "Nukta wangu. Njoo."

Nukta hakwenda. Alirudi hatua moja, mgongo ukagusa magoti ya muuza vitambaa.

"Mama," akasema, "eti ulinitupa?"

"Nani kakwambia?"

"Watu." Nukta akaonyesha simu iliyokuwa mkononi mwa muuza vitambaa, halafu akaonyesha mlango, halafu nje, kote kule. "Wamesema kwenye simu."

"Sikukutupa, mama. Nilikuwa nakutafuta."

"Mbona hukuja?"

Kwa hilo Mama Nukta alikuwa na majibu mengi, na yote yalikuwa ya watu wazima. "Nimekuja," akasema.

Nukta akasogea. Hatua moja, nyingine, akafika karibu kabisa, pale ambapo mkono ungeweza kumshika, akasimama. Akainua uso, akaanza kumchunguza mama yake, macho, mdomo, mashavu, bila haraka, kama watu wengine wote walivyomchunguza siku zile. Mumewe akataka kusema kitu, afande akamzuia kwa kiganja. Mama Nukta hakumvuta mtoto. Alipiga magoti pale pale sakafuni, akangoja binti yake amalize kumtazama.