Mwalimu Aliyenyamaza Mbele ya Mtungi

Habari za kifo chake zilinikuta kwa fundi viatu, nimekaa kwenye benchi, mguu mmoja una kiatu na mwingine una soksi tupu. Aliyepiga simu ni binti yake wa mwisho. Alinipa shikamoo, akangoja niitikie marahaba kama alivyolelewa, ndipo akasema kwamba baba yake ametutoka na mazishi ni kesho yake, nyumbani kwao nje kidogo ya Lusahunga. Sikulia. Nilimwuliza maswali ya kijinga, kama vile nani atasoma wasifu wa marehemu na kama mvua inanyesha huko. Fundi aliponikabidhi kiatu changu nilimshukuru mara mbili. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua sipendi kuigeuza safu hii kuwa kitabu cha rambirambi, maana kwa umri wangu ningeandika za wafu tu kila wiki. Lakini huyu siwezi kumpita kimya. Alikuwa mwalimu wa baiolojia, tulifundisha shule moja wilayani Ngara miaka ya vijiji vya ujamaa. Aliondoka duniani akiwa ameubeba mzigo ambao nadhani haukuwa wake, au haukuwa wake wote. Nitawasimulia, mwamue wenyewe.

Alikuwa Msubi wa Biharamulo, mwembamba, mbishi kupita kiasi. Ukimwambia mtoto wa fulani kafanana na babu yake, atakuuliza kafanana pua au kafanana tabia, maana pua anaweza kukueleza ilivyosafiri, tabia hawezi. Mimi nilikuwa nafundisha historia, na tulitaniana sana kuhusu hilo. Nilimwambia somo lake ni umbea wa koo za watu uliovishwa koti jeupe. Alicheka, akasema umbea wa historia ni mbaya zaidi kwa sababu hauna hata darubini.

Sasa, mdogo wangu wa kike alikuwa ameolewa Ntobeye. Kabla ya posa wakwe walituma mshenga akauchunguze ukoo wetu, kama desturi ilivyokuwa na kama ilivyo mpaka leo kwa wengi: kuna kifafa? Kuna ukoma? Kuna wanaokufa ovyo? Mshenga alizunguka, akarudi na jibu kwamba sisi ni watu safi. Hakuna aliyetumwa kuuchunguza ukoo wa bwana harusi. Kwa nini atumwe? Mwanamke ndiye anayeingia, na anayeingia ndiye anayekaguliwa, kama gunia linalopokelewa ghalani. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, alipotimiza mwaka alianza kuvimba vidole, kulia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa, na macho yake yakawa ya manjano. Hospitali ya misheni walimtoa tone la damu, wakaliziba lisipate hewa, wakalitazama kwenye darubini. Chembe zake zilikuwa zimepinda kama mundu. Leo tunauita ugonjwa huo selimundu. Wakati ule pale kijijini uliitwa kwa jina moja tu: ugonjwa walioleta watu wa kwa mke.

Tukaitwa. Baba yetu alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo nilikwenda mimi na mjomba, na nikamwomba mwalimu huyu afuatane nasi. Wakwe walikuwa wameamua kumrudisha dada yangu nyumbani. Mtoto angebaki, kwa sababu mtoto ni wa ukoo wa baba. Hapo ndipo shida yote ilipokuwa. Dada yangu ndiye aliyejua kumkanda yule mtoto maji ya vuguvugu, kumnywesha maji kila mara, kumfunika asipatwe na baridi ya asubuhi ya milimani. Katika nyumba ile hakuna mwingine aliyekuwa na subira hiyo. Kumwondoa yeye kulikuwa ni kumzika mtoto. Tulikaribishwa tukakaa, lakini pombe haikuletwa, na kwetu ukikaa kwa wakwe bila mtungi kuletwa unajua umekuja kushtakiwa. Baba mkwe ndiye aliyekuwa balozi wa nyumba kumi, mzee mwenye heshima zake, anayejua Kiswahili cha mikutano kuliko sisi walimu. Alisema kwa upole kabisa, "Hatuna ugomvi na mtu. Tunachosema, mlituficha."

Mwalimu akaomba vibakuli viwili na maharage. Katika kila kibakuli akatia haragwe moja jeusi na moja jeupe. Akasema, "Mzee, kibakuli hiki ni mwanao. Hiki ni mke wake. Kila mtu ana mawili, moja amepewa na baba na moja na mama. Mwenye jeusi moja haumwi, kwa sababu lile jeupe linamkinga. Anaweza kuzeeka nalo asijue. Huyu mtoto ana meusi mawili. La pili kalipata wapi, kama si kwenu?" Halafu akaanza kuonyesha yote yanayoweza kutokea, akachota maharage mengine na kuyapanga mkekani mawili mawili. Jeupe na jeupe, mzima. Jeusi na jeupe, haumwi. Jeupe na jeusi, haumwi. Jeusi na jeusi, mgonjwa. "Kati ya jozi hizi nne," akasema, "ni moja tu yenye maradhi." Alikuwa mwalimu hodari, haki ya Mungu. Niliwaona wale wazee wakiinama kutazama ule mkeka kama watu wanaotazama mipaka ya mashamba yao.

Baba mkwe alitazama muda mrefu, kisha uso wake ukafunguka. Kumbukeni kazi yake ilikuwa nini. Yeye ndiye aliyepanga zamu za shamba la kijiji: nyumba hii leo, ile kesho, na iliyokwisha kulima inapumzika mpaka wenzake wamalize. Maisha yetu yote wakati ule yalikwenda kwa zamu, zamu ya kulima, zamu ya ulinzi, zamu ya kupanga foleni ya chumvi. Akaigusa ile jozi nyeusi kwa kidole, akasema, "Kumbe. Basi nyumba hii imekwisha maliza zamu yake. Waliobaki watatu ni wazima." Wazee wenzake wakaitikia, ndiyo, ndiyo, imemaliza. Na hata kabla hawajamaliza kuitikia, mama mkwe akaingia na mtungi wa pombe ya ndizi, akautua katikati yetu pamoja na mirija.

Nilimwona mwalimu akifungua mdomo. Yeye hakuwa amesema hivyo. Kila mimba inachota upya, kibakuli kikiwa kizima kama mwanzo, na hatari ni ileile kwa mtoto wa pili kama ilivyokuwa kwa wa kwanza. Lakini mtungi ukishatuliwa kati ya wakwe, shauri limefungwa. Anayelifungua tena ametukana nyumba, na kwao Biharamulo ni vivyo hivyo. Akamtazama dada yangu, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, mtoto amemlalia begani. Akaufunga mdomo wake. Akainama, akachukua mrija, akanywa.

Tulirudi pamoja mpaka tukakaribia shule. Ndipo akasema, "Nimewadanganya wale watu." Nikamwambia hajatamka uongo hata mmoja. Akasema, "Wameutamka wao, mimi nikaunywea pombe." Aliponifafanulia kosa lenyewe, niliona kwamba hata mimi mkekani nilikuwa nimehesabu kama mzee. Aliniomba nimwachie yeye kazi ya kulirekebisha, ayaache mambo yapoe, kisha amwite shemeji yangu kando amweleze kiume. Akaongeza jambo ambalo sijalisahau: kwamba lile haragwe jeusi, likiwa moja, linamsaidia mtu kuikabili malaria, na huenda bila hilo mababu zetu wa mabondeni wasingefika kutuzaa sisi. Kile kile kilichomwokoa babu kinamtesa mjukuu. Alilisema kwa hasira, kana kwamba kuna mtu wa kwenda kumlalamikia.

Mambo hayakupoa, yalichemka kwa upande mwingine. Vita ikaja. Mimi nilikuwa nimehamishiwa Biharamulo, yeye akachukuliwa na mgambo kwenda mbele. Magari yalikwenda vitani, pamoja na lile la shule. Yeye akiwa huko, dada yangu akajifungua mtoto wa pili, wa kike. Miezi ilipita, na vidole vya yule mtoto navyo vikavimba. Vita ilipokwisha na mwalimu akarudi, mtoto alikuwa ameshazikwa. Alizidiwa siku ambayo hapakuwa na gari popote, wakambeba kwa machela kuelekea hospitali, wakarudi naye kutoka nusu ya njia.

Alikwenda Ntobeye kwa miguu, peke yake. Alinisimulia mwenyewe baadaye. Dada yangu alimpa kigoda, akamletea maji, akakaa chini mbele yake na kumwambia, "Mwalimu, ulituambia zamu imepita." Basi. Mwalimu akasema ni kweli, akaomba msamaha, na dada yangu hakumjibu. Tangu hapo kila likizo alimpelekea kitu, mche wa sabuni, pakiti ya chumvi, vitu ambavyo miaka ile havikuonekana madukani. Dada alivipokea na kushukuru kwa maneno yasiyozidi mawili.

Darasani alibadilika. Waliosoma kwake baada ya vita wanakumbuka kwamba hakupanga tena jozi mkekani wala mezani. Alimwita mwanafunzi achote haragwe, alitaje rangi, alirudishe, akitikise kibakuli, achote tena. Ikitoka nyeusi mara tatu mfululizo na darasa likacheka, hakucheka. Aliwauliza, "Kibakuli kinakumbuka?" nao wajibu kwamba hakikumbuki. Wengine walidhani ni kichekesho chake cha uzee. Kuna daktari mmoja leo anayewapima watoto wachanga selimundu kwa damu ya kisigino, aliyepita mikononi mwake, na aliniambia kwamba sentensi hiyo ndiyo anayowaambia wazazi kila siku, na kila siku wapo wanaomjibu, "Lakini daktari, huyu si ndiye wetu mmoja kati ya wanne?" Nilimsikiliza nikakosa raha. Tumepiga hatua, sikatai. Wachumba wanaweza kupimwa kabla ya posa. Vipo vidonge vya kupunguza yale maumivu, na nchi za mbali wanaingia ndani ya chembe yenyewe kuvirekebisha vinasaba. Lakini mwezi uliopita nilikaa kikao cha posa ya mjukuu wa jirani, na nilisikia kwa masikio haya mshenga akitumwa kwenda kuuchunguza ukoo wa binti. Nikauliza, na wa kijana? Walinitazama kama mtu aliyelewa.

Kwenye mazishi dada yangu alikuja. Ni bibi sasa, anatembelea fimbo. Yule mtoto wa kwanza, ambaye nusura aachwe bila mama, aliishi naye mpaka akaota ndevu, ndipo naye akaenda. Baada ya udongo kushindiliwa na watu kuanza kuondoka, nilibaki naye kando ya migomba, nikamwambia, ili nimtulize, kwamba marehemu hakuacha kujilaumu hadi mwisho, na kwamba labda sasa angemsamehe.

Akaniambia, "Nimsamehe nini, kaka? Mimi nilielewa siku ile ile."

Sikumwelewa. Akaendelea, taratibu, akitazama chini. "Nilikuwa mlangoni. Nilimwona alivyofungua mdomo akaufunga. Nikajua mzee kakosea. Na haragwe si mtu, kwamba likilima leo litapumzika kesho, hilo hata mimi nililijua. Lakini ningesema, ningerudishwa kwetu na mwanangu angekufa mwaka ule ule. Nikanyamaza. Nikapata mimba najua ninachokicheza. Nikasema, huenda likatoka jeupe."

Nikamwuliza kwa nini basi alimwambia mwalimu yale maneno, na kwa nini alipokea sabuni na chumvi miaka yote ile bila kumwambia ukweli.

"Nilikuwa nimemzika mtoto," akasema. "Nilihitaji wa kumlaumu ambaye si mimi. Yeye alikuja mwenyewe, akakaa, akaomba. Nikamwachia. Kila likizo nilisema akija tena nitamwambia. Halafu anakuja, ananiangalia kwa ile huruma, nashindwa. Sasa nimwambie nani?"

Sayansi aliyoifundisha marehemu inaweza kutuambia jeusi limetoka kwa nani na limeingia kwa nani, na siku hizi inaweza hata kutuambia kabla mtoto hajazaliwa. Haijui ni nani aliyenyamaza kwa sababu ya mapenzi, wala nani ameachiwa kubeba lawama za mwenzake. Hayo ni ya kwetu kuyasema kwa midomo yetu. Nimejifunza jambo moja tu kwenye kaburi lile, nalo linanichoma. Kama kuna mtu anatembea huku amebeba kosa ambalo wewe unajua si lake peke yake, mfuate ukamwambie. Usingoje likizo ijayo. Dada yangu alingoja, na alipopata ujasiri, aliyekuwepo wa kumsikiliza nilikuwa mimi.