Betri ya Mbele na Betri ya Nyuma

Uani kwa Mama Yuliana, pale Newala, kulikuwa na njia tano za miguu, zote zimechongwa na watu wa ndoo. Mwaka huu majani yaliota masika juu ya njia zote tano, kiangazi kikayakausha palepale, na hakuna mguu ulioyakanyaga.

Jina lake la ubatizo ni Dorika. Mumewe, marehemu Marko, alikuwa na pikapu ya kuleta maji kutoka bondeni, na pikapu ile ilikuwa na betri mbili. Ya mbele, chini ya boneti, ilikuwa ya kuwashia injini. Ya nyuma ilikaa ndani ya kisanduku cha mbao, kazi yake kuendesha pampu ndogo ya kusukuma maji kutoka kwenye tangi hadi kwenye mapipa ya watu. Marko aliiongeza hiyo ya pili baada ya pampu kuinyonya siku moja betri pekee waliyokuwa nayo, wakalala bondeni yeye na mkewe, gari limejaa maji na haliwaki.

"Maji ya kuoga harusi nzima tunayo," Dorika alimwambia usiku ule, "tatizo harusi iko mlimani."

Pampu ilikuwa na mlio mwembamba, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kibuyu. Mtaa mzima waliujua. Ikilia tu, hodi huku, hodi kule, na mpaka ndoo zijae Dorika ameshajua nani kajifungua, nani kagombana na mawifi.

Marko alifariki mwezi wa kwanza. Wiki moja baada ya mazishi Dorika alichukua spana, akazichomoa nyaya za betri zote mbili, kama marehemu alivyofanya kila alipokwenda safari ndefu. Baada ya hapo kukawa kimya. Binti yake Yuliana yuko Mwanza, hupiga simu Jumapili baada ya ibada. Siku sita zilizobaki simu hulala kama jiwe. Kuna asubuhi mbuzi wa jirani alisukuma mlango, Dorika akasema, "Karibu," kisha akajionea haya.

Mwezi wa kumi akapita Alfredi, mpwa wa Marko, naye ni dereva.

"Mama, betri zikishika chaji nipigie, nitakuja niendeshe. Zisiposhika, gari tuliuze chuma chakavu. Linakula nafasi."

"Nafasi ya nani?" Dorika aliuliza. Alfredi akatazama ua ule mtupu, akaaga.

Fundi wa karibu wa kuchaji betri yupo, lakini huyo huziunganisha za watu wote kwa waya mmoja, za pikipiki, za sola, za gari. Marko aliwahi kumpelekea ya nyuma, ikarudi imevimba, ikabidi anunue nyingine. Kwa hiyo Dorika aliamka mapema, akafunga kitambaa chake kizuri, akapanda gari la Masasi kwenda kununua chaja yake mwenyewe.

Muuzaji aliitwa Husseni, mtu wa miaka thelathini hivi, tumbo limetangulia.

"Shikamoo, bibi. Umetumwa?"

"Marahaba. Nimejituma."

Husseni akaburuta chaja moja ya chuma, kubwa kama sanduku la nguo. "Chukua hii. Saa mbili tu, betri la lori linapiga kelele!"

"Mimi sina lori. Nina betri mbili kwenye gari moja. Ya mbele ya maji, ya nyuma kavu. Ya mbele inavumilia moto mkali wa chaja. Ya nyuma ukiipa moto huo inavimba kama chura."

"Ha! Nani kakufundisha haya, bibi?"

"Aliyenifundisha kalala Newala. Huwezi kumuuliza."

Husseni akaleta nyingine, inang'aa, ina kioo na vitufe. Ukibonyeza mara moja, ni ya betri ya maji. Ukibonyeza mara mbili, ni ya betri kavu. Dorika akaitazama kama anayemtazama mchumba wa binti yake.

"Iweke kwenye betri kavu. Sasa ichomoe ukutani."

"Kwa nini, bibi?"

"Kwetu umeme unakatika. Chomoa, kisha rudisha."

Akachomoa, akarudisha. Kioo kikawaka, kikaonyesha betri ya maji.

"Umeona? Imesahau," Dorika alisema. "Mimi ningekuwa jikoni, yenyewe inaniunguzia betri."

Ya tatu ilikuwa ndogo, nyeusi, haina mapambo. Ilikuwa na swichi ya kusukuma kwa kidole: kushoto betri ya maji, kulia betri kavu. Ukichomoa ukirudisha, swichi iko ulipoiacha. Inachaji betri moja moja, polepole, ikijaa hujikata yenyewe na kuwasha taa ya kijani.

"Na raha yake," Husseni alisema akiifunga, "hii haitaki mtu wa kuikalia. Unaiwasha, unaenda zako."

"Mtu wa kuikalia yupo," Dorika alimjibu.

Akaikalia kweli, siku mbili nzima, juu ya kigoda, betri ya mbele kwanza, ya nyuma baadaye. Chaja ilikuwa na feni ndani, inavuma kidogo, na yeye akawa anaisimulia habari za korosho. Umeme ulikatika mara tatu. Mara zote tatu uliporudi aliinama kuangalia swichi. Iko palepale.

Ijumaa taa ya kijani ikawaka kwa betri ya pili. Akazirudisha garini, akakaza nyaya, akapanda kiti cha dereva ambacho hajawahi kukikalia, akahakikisha gia iko huru. Injini ikakohoa, ikawaka. Akaizima haraka.

Ikabaki pampu. Pampu haiendeshwi kavu, itaungua, na tangi lilikuwa tupu. Akafunua kisima chake cha maji ya mvua. Chini kulikuwa na maji ya kufika kifundo cha mguu, ya kunywa hadi mvua zirudi. Akateka ndoo tatu, moja moja, mpaka likabaki tope, akazimimina kwenye tangi, akabonyeza swichi.

Nyuki akalia kwenye kibuyu.

Ndoo ya kwanza haijajaa, "Hodi, Mama Yuliana!" Alikuwa Ziada wa nyumba ya tatu, kashika ndoo, anahema. "Nimesikia pampu! Mmeenda bondeni lini, mbona hatukuwaona?"

"Kumbe mnalinda barabara siku hizi? Weka ndoo, ukae. Kigoda kile."

Nyuma yake akaja Rahima, naye na ndoo, na habari za mtoto wa Pili aliyeota meno ya juu kwanza, nyanya zake wote wawili hawalali kwa kuogopa mkosi. Wakacheka. Pampu ikaanza kumeza hewa, Dorika akaizima upesi.

"Yamekwisha?" Rahima aliuliza.

"Ya leo."

Walipoondoka na ndoo zao, na ile ya tatu wamempelekea Pili, mama wa yule mtoto, Dorika alitazama ua. Majani makavu yalikuwa yamelala kwa mstari mmoja mwembamba kuelekea kwa kina Ziada. Akampigia Alfredi.

"Zimeshika. Njoo kesho asubuhi."

"Kweli, mama? Basi nichemshie chai, nakuja na njaa."

"Chai ya maji gani?" Dorika alisema. "Twende bondeni kwanza."